Huduma Isiyo na Masimango

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wahudumu wa kujitolea. Inawekwa hapa yote, kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliosafiri usiku kucha ili kufika hapa: assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na kwa yeyote ambaye salamu ya kwao sijaitaja, hamjambo?

Mwenyekiti aliponialika aliniomba nizungumze juu ya upendo na ibada vinavyoonekana katika huduma ya kila siku. Nilikaa na ombi hilo siku nyingi bila kuandika hata mstari mmoja. Humu ndani wamo watu ambao kila Jumamosi huwasha jiko saa kumi alfajiri ili wagonjwa wasio na jamaa wapate uji, na wamo waliofua mashuka ya wazee ambao si baba zao wala si mama zao. Mimi nije niwaambie nini? Nimfundishe samaki kuogelea? Basi nimeamua kuziacha habari za kwa nini tuhudumu, maana mnazijua kuliko mimi, nizungumzie jambo moja tu ambalo huiharibu huduma hata ikiwa imekwisha kutendeka. Jambo hilo ni simango.

Kwa vijana ambao neno hili limeanza kuwapotea, simango ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea, kwa namna inayomchoma. Si lazima liwe la maneno. Laweza kuwa jicho. Laweza kuwa kikohozi mlangoni. Siku hizi laweza kuwa picha. Ndugu zangu, mmewahi kuona watu kumi wamemzunguka bibi mmoja, wote wameshika pakiti moja ya unga, wote wanacheka, na anayetazama chini ni yule bibi peke yake? Unga ule ataumaliza kwa siku nne. Picha ile itadumu kwa muda gani? Wajukuu zake wataiona. Majirani wameshaiona.

Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba Qur'ani, katika Surat al-Baqara, aya ya 264, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi. Litazameni neno hilo: kuharibu. Sadaka imetolewa, mtu amekula, ameshiba, na bado inaweza kuharibika. Wakristo nao wameagizwa kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Kwa hiyo swali ninalotaka tulibebe leo si kwamba nimetoa nini. Swali ni hili: yule niliyemhudumia, ameondokaje?

Nilijiuliza swali hilo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 15, ingawa wakati ule sikuwa na maneno ya kuliuliza. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka chumvi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na likizo moja alinichukua. Tulipokaribia Makindu springi ikakatika. Fedha yote aliyokuwa nayo iliishia kwa fundi, na kufikia magharibi tulikuwa hatujatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Mjomba akasema, bila aibu yoyote, "Twende kwa Makalasinga tukale." Ndivyo tuwaitavyo Masingasinga, wafuasi wa dini ya Sikh, ambao wana hekalu pale Makindu.

Mimi nilikataa. Nilikuwa katika umri ule ambao njaa ni nafuu kuliko fedheha. Nilidhani tutasimamishwa mlangoni tuulizwe majina, dini na shida zetu, kisha tupewe mabaki. Mjomba hakunibembeleza. Alivua viatu, akaniambia nivue vyangu, akachukua kitambaa mlangoni na kunifunga kichwani kama mtoto mdogo, tukaingia.

Hakuna aliyetuuliza jina. Tuliketi katika safu. Kulia kwangu alikaa bwana mmoja mwenye suti, ambaye gari lake nililiona nje liking'aa, na kushoto kwangu mama mwenye mtoto mgongoni. Wote tulipewa sahani za chuma zilizogawanywa vyumba vyumba, na ndani yake dengu ileile, mboga ileile. Akapita mzee wa Kisingasinga, ndevu nyeupe hadi kifuani, amebeba kikapu cha chapati. Nikanyosha mkono mmoja. Hakunipa. Alisimama tu, akatabasamu, mpaka mjomba akanigusa kwa kiwiko: "Mikono miwili." Nikaikutanisha viganja, na yule mzee akainama, akaiweka chapati katikati kana kwamba ndiye aliyekuwa akiniomba niipokee.

Nilipomaliza nikamuuliza mjomba, "Tumshukuru nani?" Akasema, "Kaoshe sahani." Nikaenda kwenye masinki. Yule mzee alikuwa hapo, amekunja mikono ya shati. Akasogea kidogo, akanipisha nafasi, akanipa kitambaa. Nilikusudia kuosha sahani yangu moja. Niliosha kama thelathini, naye hakusema neno ila "lete hiyo" na "weka pale". Ndugu zangu, niliingia mle kama mwenye njaa aliyeona aibu, nikatoka kama mtu aliyemaliza zamu yake. Kati ya kuingia na kutoka ilikuwa nini? Kitambaa cha vyombo tu.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilitaka kujua watu hawa walijifunza wapi kulisha namna ile. (Jina Kalasinga, niliseme kwa kupita, husemekana lilitokana na Kala Singh, mmoja wa wafanyabiashara wa kwanza wa jamii hiyo nchini Kenya, sisi tukawapachika wote jina la mtu mmoja.) Hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli, wakati Makindu ilipokuwa kituo kikubwa cha kuhudumia magarimoshi. Reli ile, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, iliwaleta huku Wahindi wapatao 32,000 wa mkataba, wengi wao kutoka Punjabi, na takriban 2,500 kati yao hawakurudi makwao kwa kuwa walifia kazini. Watu waliojua njaa ya safari ndio waliowasha jiko kwa ajili ya wasafiri. Jiko hilo huitwa langar, na kazi ya mikono inayofanywa pale bila malipo huitwa seva. Kwao seva haihesabiwi kuwa nyongeza juu ya ibada. Kuosha sufuria, kukanda unga na kupanga viatu vya waumini mlangoni ni ibada yenyewe.

Jiko hilo wameirithi kazi yake tangu kwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Lakini aliyenigusa zaidi katika historia yao ni wa tatu kati ya viongozi wao kumi, Guru Amar Das. Msikilizeni mzee huyu. Alizaliwa mwaka 1479, na alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa makamo alipokutana na mwalimu wake, Guru Angad, ambaye kwa umri alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Akaamua kumhudumia. Masimulizi yao yanasema kwamba kwa takriban miaka 12 aliamka kila usiku kabla ya mapambazuko, akaenda kwenye mto Beas, akajaza mtungi na kuubeba hadi kijiji cha Khadur ili mwalimu wake apate maji ya kuoga. Usiku mmoja wa dhoruba alijikwaa kwenye kigingi cha mfumaji nguo, akaanguka karibu na nyumba ya mfumaji huyo. Mtungi hakuuachia. Mke wa mfumaji, aliyeshtushwa usingizini, akasema kwa dharau: huyo si mwingine, ni yule Amru asiye na makao.

Mnaona? Miaka 12 ya maji, na shukrani ya kijiji ni kuitwa mzee asiye na kwao. Amar Das hakumsimanga mtu. Hakusema, "Mnajua mimi ni nani? Mnajua nimebeba mitungi mingapi?" Alisimama, akapeleka maji. Mwaka 1552, Amar Das akiwa na miaka ipatayo 73, Guru Angad alimkabidhi uongozi wa jamii nzima, akatangaza kwamba huyu aliyeitwa asiye na makao ndiye makao ya wasio na makao.

Na alipokuwa kiongozi akaweka sharti ambalo nadhani halingewekwa na mtu asiyewahi kuanguka gizani na mtungi kichwani: yeyote anayetaka kuonana na Guru aketi kwanza katika safu ya chakula. Kwanza safu, ndipo mazungumzo. Katika nchi ambayo mtu wa tabaka la juu hakuweza kula karibu na wa tabaka la chini, waliketi bega kwa bega sakafuni, na masimulizi yao yanasema kwamba hata mfalme Akbar alipofika aliketi kama wengine. Kwa nini safu? Kwa sababu mle ndani huwezi kujua nani amekuja kusaidiwa na nani amekuja kusali. Mwenye njaa amefichwa. Leo katika hekalu lao kuu la Amritsar makumi ya maelfu ya watu hula kila siku, na miongoni mwa wanaomenya vitunguu na kusugua sufuria huwezi kumtenga mwenye kiwanda na mwenye kuomba barabarani.

Wapo watakaoniambia: mzee, sisi tunao ukarimu wetu. Ni kweli, tunao. Lakini tunayo pia methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na tumezoea kuitumia kama fimbo ya kumfukuzia mgeni. Tangu Makindu mimi nimeisikia kwa namna nyingine. Jembe hupewa nani? Kibarua hupewa jembe na ujira. Mgeni hupewa kiti na chakula. Anayepewa jembe pasipo ujira ni mtu wa nyumbani. Kumbe kumpa mgeni jembe kunaweza kuwa ndiyo heshima ya mwisho ya mwenyeji, kumwambia kwamba kuanzia leo hatukuhesabii sahani. Yule mzee wa masinki hakungoja siku ya tatu. Alinipa jembe langu usiku uleule.

Nitaje kwa ufupi Bhai Kanhaiya, mbeba maji katika mapigano ya Anandpur mwanzoni mwa karne ya 18. Alishtakiwa kwa Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa kumi, kwamba anawanywesha maji majeruhi wa adui, wakapata nguvu na kurudi vitani. Alipoulizwa akajibu kwamba katika kila uso aliouinamia aliuona uso wa Guru wake. Guru hakumpa cheo. Alimpa dawa ya vidonda na vitambaa vya kufungia, awatibu wote. Thawabu ya kazi ikawa kazi zaidi, na sijui ni wangapi miongoni mwetu, mimi nikiwa wa kwanza, tungeridhika na thawabu ya namna hiyo.

Sasa nije kwa mtu wa karne yetu iliyopita, ambaye wazee mliopo hapa mngeweza kumkuta hai. Bhagat Puran Singh alizaliwa mwaka 1904 huko Punjabi. Mama yake alimzoeza tangu utotoni kuokota mawe na miiba njiani ili wapitao wasiumie. Mwaka 1934, akiwa anajitolea katika hekalu moja la Lahore, mtoto wa kiume wa miaka ipatayo minne aliachwa mlangoni. Mtoto alikuwa mlemavu, hasemi, hawezi kujisafisha. Puran Singh alimchukua, akampa jina Piara, maana yake mpendwa, na kwa kuwa hakuwa na kigari wala nyumba, alimbeba mgongoni. Alimbeba siku ngapi? Alimbeba miaka 14. India ilipogawanywa mwaka 1947 na mamilioni ya watu wakakimbia huku na huku, aliingia Amritsar akiwa mkimbizi, na Piara mgongoni. Huko akaanza kuwakusanya wagonjwa na walemavu waliotupwa, na kutokana na hapo ikazaliwa nyumba iitwayo Pingalwara, ambayo hadi leo inawatunza watu walioachwa na jamaa zao. Alifariki mwaka 1992.

Watu waliomwona akiinama chini ya mzigo ule walimhurumia. Yeye, husimuliwa, alisema kwamba mtoto yule alikuwa shada la maua shingoni mwake. Ndugu zangu, mtoto asiyeweza kusema hawezi kusema asante. Lakini mtoto asiyesema husikia. Angesikia nini kila siku kwa miaka 14 kama yule aliyembeba angekuwa akiguna?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi niliguna.

Mama yangu alipatwa na kiharusi, upande wake wote wa kulia ukalegea. Nilimleta kwangu. Wakati huo nilikuwa nikialikwa kwenye mikutano kama huu kuzungumzia huduma, na watu walinipigia makofi. Usiku mama aliniamsha: maji, kisha msalani, kisha kugeuzwa. Usiku mmoja, aliponiamsha kwa mara ya tatu, nilimwambia, "Mama, unajua nimeacha mangapi kwa ajili yako?" Msidhani nilipaza sauti. Nilisema kwa upole kabisa, huku nikimfunika shuka.

Tangu usiku ule hakuniamsha tena. Nilifikiri amepata nafuu, na hata nilimpigia dada yangu simu kumpa habari njema. Dada alipokuja baada ya wiki moja alikaa na mama kutwa nzima, jioni akaniita jikoni. Alikuwa ameshika bilauri ya maji iliyofunikwa kisahani, imejaa pomoni. Akaniuliza, "Haya ni maji ya lini?" Mama alikuwa hanywi kitu tangu alasiri, kila siku, ili usiku asihitaji kupelekwa msalani. Alikuwa akilala na kiu ndani ya nyumba yangu, pembeni ya maji niliyomwekea mwenyewe, ili asiwe mzigo kwangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, nami niliyemlisha kila siku kwa kijiko sikuwa nimeiona.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Si kitu, mwanangu." Lakini usiku hakuniamsha, wala usiku uliofuata. Radhi yangu ilikuwa maneno, na yale ya kwanza pia yalikuwa maneno. Angeyaaminije haya kuliko yale? Nilikuwa nimemgeuza mama yangu kuwa mgeni aliyeona aibu mlangoni, na sikujua namna ya kumwingiza tena ndani.

Siku ya tatu nilikumbuka masinki ya Makindu. Nikachukua ungo, nikamimina choroko kilo moja, nikamwekea mapajani. Nikamwambia, "Mama, nichagulie hizi, macho yangu hayaoni vijiwe." Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kwa mkono wa kushoto, ule ambao hakuwahi kuutumia maishani mwake kwa kazi ya jikoni. Punje moja moja. Nyingine zilianguka, zikaviringika chini ya kitanda. Alianza baada ya chakula cha mchana, na ilipoadhiniwa alasiri alikuwa bado. Mara mbili nilinyosha mkono nimmalizie, na mara mbili aliusukuma mkono wangu. Alipomaliza akasema ziloweke sasa hivi, la sivyo hazitaiva, kwa sauti ileile aliyonitumia nikiwa mtoto.

Vijiwe vilibaki vingi. Tulikula tukivitema pembeni ya sahani, yeye akicheka upande mmoja wa mdomo. Usiku ule, kama saa nane, nilisikia akigonga ubao wa kitanda. Alitaka maji.

Ndugu zangu, sina zaidi ya hayo. Leo mchana wazee wa mtaa huu wamealikwa kula nasi, na nimeona kwamba meza yao imetengwa karibu na mlango, yetu ikawekwa huku mbele. Naomba kabla ya chakula tuziunganishe meza hizo. Naomba simu zibaki mifukoni. Na mzee yeyote atakayenyanyuka kushika kitambaa cha vyombo, asiambiwe keti mzee, umechoka, asogezewe nafasi. Nyuma ya ukumbi kuna sufuria mbili kubwa zenye ukoko wa wali. Moja nimekwisha kuiwekea nafasi yangu; ya pili bado haina mtu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.